Hajambo, Mume Amethibitisha

Bwana Mganga alijua maneno machache sana ya Kiha, na yote yalikuwa ya salamu. Alikaa kwetu miaka tisa. Ndani ya miaka tisa mtoto anazaliwa, anatambaa, anaota meno, anayang'oa, anakwenda shule na kurudi na majina ya mito ya nchi za watu. Yeye aliondoka na maneno yale yale aliyofundishwa wiki ya kwanza na mlinzi wa zahanati. Hakuona haja ya kuongeza. Alisema lugha ya serikali ni Kiswahili, na mtu anayeumwa kweli hatashindwa kukipata.

Kazi ya kukipata kwa niaba yao ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikaajiriwa mhudumu: kufagia, kuteka maji, kuchemsha sindano, na kusimama kando ya meza yake nikitafsiri. Nilianza mwaka mmoja kabla ya watu wa milimani kuhamishiwa vijijini, nikakaa chini yake miaka minne. Zahanati yenyewe ilikuwa wilaya ya Kibondo, na hiyo inatosha. Jina lake pia silitaji, na wala si kwa heshima. Mtu aliyejaza madaftari kwa majina ya wanawake bila kumsikiliza hata mmoja, sioni kwa nini nihangaike kuliandika la kwake.

Nianze na sifa zake, ili zipite. Alikuwa msafi kupindukia. Alinawa mikono mpaka viwikoni, na maji ya kunawa aliyachemsha mwenyewe kwa sababu hakuniamini. Hakupokea kuku wala mkungu wa ndizi wa mtu. Mshono wake ulikuwa mzuri. Nimeona mguu wa mkata mbao aliyejikata kwa shoka ukishonwa kwa utulivu ambao fundi cherehani angeuonea wivu. Watoto hawakumwogopa. Alikuwa na baiskeli nyeusi ambayo aliifuta kwa kitambaa kila jioni, spoki moja moja, na kiangazi vumbi letu jekundu lilipoingia mpaka kwenye uji, baiskeli ya Bwana Mganga iling'aa. Ni yeye aliyenifundisha kusoma kipimajoto na kushika mshipa wa mkono nikihesabu. Nilichokijua cha kwanza katika kazi hii ya uuguzi nilikitoa kwake, na jambo hilo linanikera hadi leo.

Sasa salamu. Kwa Waha salamu si kitu cha kurusha njiani. Mwanamke akifika mbele ya mtu wa heshima huinama, hupiga magoti, hupiga makofi polepole, na huulizwa habari za nyumba, za watoto, za mifugo, za mwili, na zote huzijibu kwa neno moja: amahoro, yaani ni amani. Anaweza kuwa ametoka kuzika asubuhi ile, naye atajibu amahoro. Shida inasemwa salamu ikishakwisha, kwa sauti nyingine, na huwezi kuichanganya na salamu kama vile huwezi kula chakula ukiwa unanawa. Kila mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajatumwa maji.

Bwana Mganga hakulijua, na alipoambiwa hakulitaka. Salamu ndicho kitu pekee alichokisikia kwa masikio yake mwenyewe bila kunihitaji mimi, kwa hiyo aliipenda. Mwanamke alipiga magoti, alipiga makofi, aliulizwa mwili, akajibu amahoro. Bwana Mganga alivuta daftari lake kubwa lenye jalada gumu, akaandika jina, akaandika kijiji, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika: Hajambo. Halafu ndipo mwanamke alipoanza kusema kilichomleta. Kwa Bwana Mganga hayo yaliyofuata yalikuwa nyongeza. Mtu amekwisha sema mwenyewe kwamba hajambo, sasa anageuka. Basi kuna neno la uongo mahali fulani, na yeye alikwisha amua ni lipi. Sijapata kumwona akimwamini mwanamke isipokuwa aliposema ni mzima.

Kulikuwa na benchi la mninga nje ya mlango wake. Hapo walikaa waume. Mwanamke akimaliza kueleza, Bwana Mganga hakumtazama tena, alitoa kichwa nje na kumwuliza mume: "Ni kweli?"

Hayo maneno mawili ndiyo yalikuwa kipimo chake kikuu, kuliko kipimajoto. Mume akisema ni kweli, dawa ilitoka. Mume akisema labda, ilitoka nusu. Mume akicheka kidogo na kusema hawa wanawake bwana unawajua, daftari lilipata maneno mengine mawili na kufungwa: Hajambo. Mume amethibitisha.

Na walikuwa wakithibitisha nini, Mungu wangu? Nilimwona mmoja aliyeulizwa mke wake ametokwa damu kwa siku ngapi, akaitazama baiskeli yake kana kwamba imeandikwa pale. Akasema mbili. Mke alikuwa amesema kumi na moja. Ikaandikwa mbili. Mwingine, mfanyabiashara wa Kibondo mjini mwenye wake wawili, alisimama mlangoni na kuuliza kwa upole kabisa kama huyu ndiye wa tumbo au wa tumbo ni yule aliyebaki nyumbani. Bwana Mganga alimpa kiti. Walizungumza juu ya bei ya chumvi, na mke akasubiri kwa miguu yake mpaka wanaume wale wawili wakubaliane anaumwa wapi.

Mwanamke asiyekuwa na mume alikuwa tatizo. Kulikuwa na bibi mmoja mjane wa Kitahana, kifua kilimbana hata akipanda ngazi mbili za zahanati alishika ukuta. Akaambiwa alete mtu. Bibi akatoka, akatazama barabara, akamwona muuza chumvi kutoka Uvinza anapita na magunia yake kwenye baiskeli. Akamwita, akamwomba asimame mlangoni dakika moja. Muuza chumvi hakuwa amemwona bibi yule tangu azaliwe. Bwana Mganga akatoa kichwa. Ni kweli? Muuza chumvi akasema ni kweli kabisa, anakohoa sana huyu. Dawa ikatoka. Bibi alitoka nayo chini ya kanga, akanikonyeza mimi, na kuanzia siku ile wajane wa upande ule wote walikuwa wakija na mwanamume wa kuokota. Tulicheka sana. Nikikumbuka sasa sicheki sana, kwa sababu ilikuwa zahanati, na watu wazima walikuwa wakiazima vidume barabarani ili waruhusiwe kuumwa.

Wanaume wenyewe hawakuhitaji shahidi. Mwanamume aliyekesha kwenye pombe ya ndizi akaja asubuhi akisema kichwa kinampasuka, alipewa aspirini kabla hajakaa. Hakuulizwa mke wake kama ni kweli. Niliwahi kusema hivyo kwa sauti, kwa utani, nikiwa na ufagio mkononi. Bwana Mganga hakukasirika. Alinieleza kwa subira, kama mwalimu, kwamba mwanamume ana kazi za kufanya, hawezi kuja zahanati bure, ila mwanamke anakuja kupumzika. Alisema mwanamke ana maradhi ya mwilini na maradhi ya mdomoni, na mganga mzuri ni yule anayejua kuyatenganisha. Alilipenda neno hilo. Alimwambia kila mgeni aliyetoka wilayani, na wageni waliitikia kwa kichwa.

Mfano wake wa mwanamke mwema alikuwa mke wake. Alimwoa huko kwao, mashariki ya mbali, akaja naye. Mama mrefu, mkimya, mwenye mikono ya kazi. Bwana Mganga alipenda kusema, hasa mbele ya wanawake wenye maumivu, kwamba mke wake hajaugua siku moja tangu amuoe. Siku moja, alisema, akinyoosha kidole. Mimi nilikuwa nampelekea maji huyo mama. Nilimkuta mara mbili jikoni ameshika mwimo wa mlango, ameinama, macho ameyafumba. Mara ya pili nilimwuliza kama nimwite mzee. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kuchekesha, akaniambia nimwagie maji kwenye mtungi.

Na mimi je? Sijitoi. Mwanamke wa Kiha akieleza ugonjwa wake anaanza pale alipokuwa amesimama: alikuwa shambani, mahindi yamefika magotini, jua liko hapa, ndipo kitu kikamchoma hapa kikashuka hapa. Katika maneno hayo kuna kila kitu ambacho nimefundishwa baadaye kuuliza. Lakini Bwana Mganga aliinua kiganja. Fupisha, binti. Nikafupisha. Mwanamke alisema robo saa nikamwambia mzee, tumbo. Miezi sita haikupita nikawa hodari. Nilikuwa nakata kabla ya kiganja kuinuka. Niliona fahari kwamba haniinulii kiganja tena. Kwa hiyo nikimdharau mzee yule, na ninamdharau, kuna fungu la dharau ninalolibakiza nyumbani.

Mama Minani alikuja mara tatu.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, amezaliwa Rungwe Mpya upande wa Kasulu, ameolewa kwetu. Minani alikuwa mwanawe wa kwanza, ana miaka mitatu. Sasa alikuwa na mimba ya pili, imefika mwezi wa nane. Mara ya kwanza alikuja na mume, akapiga magoti kwa shida ile ya mwenye tumbo kubwa, akapiga makofi, akaulizwa mwili, akajibu amahoro. Ikaandikwa. Kisha akasema mtoto amepunguza kucheza, na kuna maji yanamtoka kidogo kidogo ambayo si mkojo, anajua mkojo wake. Nilitafsiri hilo lote, nashukuru. Bwana Mganga akatoa kichwa. Mume, kijana mpole, aliona aibu ya kuulizwa habari za maji ya mke wake mbele ya watu, akasema hajui, anavyoona yeye anakula vizuri. Hajambo. Mume amethibitisha.

Mara ya pili ilikuwa siku nne baadaye. Salamu ile ile, jibu lile lile, maneno yale yale, ila sasa mtoto alikuwa anacheza asubuhi tu. Nilimwambia Bwana Mganga kwamba huyu alikuja juzi kwa shida hii hii. Akasema ndiyo, na juzi alikuwa mzima. Hakumgusa tumbo. Alikuwa na ile pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto, imening'inia ukutani karibu na kalenda, na mimi niliifuta vumbi kila Jumatatu.

Mara ya tatu hakupiga magoti.

Aliingia akasimama. Mikono aliishusha. Mume wake nyuma alianza kumnong'oneza asalimie, asalimie, unafanya nini. Bwana Mganga alikuwa amekwisha anza salamu yake ya Kiha, akauliza habari za nyumba. Mama Minani hakujibu. Akauliza habari za mwili. Hakujibu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kulifanya katika chumba kile: alinipita mimi, akamsemesha kwa Kiswahili chake kidogo, kile cha gulioni.

"Mutoto hachezi," alisema. "Siku mbili. Mimi si muzima. Si muzima, Bwana Mganga. Andika."

Mtu mwingine yeyote angejua kwamba mwanamke wa Kiha asiyesalimia ni mwanamke anayezama. Ningemwekea kipimajoto cha aina gani zaidi ya hicho? Lakini Bwana Mganga uso ulikuwa umemshuka. Aliona amevunjiwa heshima. Akamwita mume, na safari hii hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza kama mke wake hakufundishwa adabu kwao. Na mume, maskini wa Mungu, akapiga magoti yeye, akapiga makofi yeye, akamwombea radhi. Alisema mimba inamsumbua kichwa. Alisema samahani mara nyingi. Suala la mtoto halikutajwa tena na mtu yeyote mle ndani, hata na mimi. Nilikuwa nimesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye ile pembe ya mbao. Wakaondoka, yeye mbele, mume nyuma akigeuka geuka kuinama.

Mtoto alizaliwa siku ya tatu, nyumbani, amekwisha kufa zamani. Mama akapona kwa shida.

Mtu angefikiri hapo ndipo mwisho wa aibu. Ukoo wa mume ulikaa. Wakasema mwanamke huyu kamuua mtoto kwa kiburi: hakwenda zahanati mapema, na alipokwenda alimtukana mganga kwa kukataa kumsalimia. Walitaka arudi kwao, Minani abaki. Mama Minani hakulia mbele yao. Alisema neno moja, kwamba alikwenda mara tatu na alisema mara tatu, na wamwulize binti wa zahanati. Shauri likapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, na mimi nikaitwa.

Nilisema. Hilo walau nililifanya. Nilieleza maji, nilieleza asubuhi na jioni, nilieleza siku mbili. Nilisema nikitazama chini, kwa sababu Bwana Mganga alikuwa ameketi kando ya balozi na daftari mapajani. Nilipomaliza, balozi, mzee wa heshima zake, alinishukuru. Kisha akamgeukia Bwana Mganga.

"Ni kweli?" akamwuliza.

Bwana Mganga hakusema uongo. Sikuwahi kumsikia akisema uongo, na hilo ndilo baya zaidi kwake. Alifungua daftari akasoma kwa sauti tarehe ya kwanza: hajambo, mume amethibitisha. Tarehe ya pili: hajambo, mume amethibitisha. Tarehe ya tatu alikuwa ameandika: amekataa kusalimia. Akafunga. Alisema yeye haandiki asichokisikia. Mume aliulizwa kama alithibitisha, akasema alithibitisha. Ikaisha. Mama Minani alirudi Rungwe Mpya na kanga mbili na sufuria, na Minani akamfuata mpaka kwenye daraja la mto, akabebwa kurudishwa akipiga mateke.

Mume alimfuata baada ya mwaka, na mashemeji wawili, kwenda kumrudisha. Nasikia mke alimwambia kwamba mtu aliyeulizwa kama mkewe ni mzima akajibu ndiyo, mke wa nini tena. Hakurudi. Minani alikuja kumwendea mwenyewe, miguu yake ilipopata nguvu ya njia.

Baada ya shauri lile wanawake wa kwetu waliacha kumsalimia Bwana Mganga. Hawakufanya mkutano; au kama walifanya, mimi sikuitwa, na walikuwa na haki. Siku moja tu aliingia wa kwanza akasimama. Wa pili akasimama. Wanawake waliopiga magoti kwa wakwe zao, kwa wazee, hata kwa vijana wa wilayani wenye suruali pana chini, walifika kwenye meza ile wakasimama wima na kusema: kichwa, siku tatu; mguu, tangu juzi; damu, wiki mbili. Walijifunza maneno hayo ya Kiswahili na kuyapokezana kisimani. Mlinzi aliona aibu. Wazee walitumwa kuwasema. Hawakubadilika, wala hawakueleza kwa nini.

Bwana Mganga alilia nalo, kwenye mikutano yote. Alisema desturi nzuri za Waha zinakufa na kwamba hivi vijiji vipya vinaharibu wanawake. Yeye, mtu wa kuja, akawa mtetezi wa magoti yetu. Hakupata kujiuliza kwa nini zinakufa kwake tu. Mwaka wa tisa akahamishwa, akaagwa kwa sherehe, akapewa mbuzi ambaye safari hii alimpokea. Sikwenda kuaga. Nilikuwa nimepata nafasi ya kozi ya uuguzi wa mama na mtoto, na nilipomaliza nikapangiwa Kasulu.

Hapo Kasulu ndipo nilipomwona mara ya mwisho, mwaka ule vijana walipokwenda vitani Kagera na sabuni ikawa kitu cha kupigania. Alikuwa amestaafu, amepanga nyumba nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, na mchana alikaa barazani kwake akiheshimiwa na kila anayepita. Asubuhi hiyo alikuja kliniki yetu. Baiskeli ilikuwa ile ile, inang'aa. Nyuma yake, kwa miguu, alikuwa mke wake.

Waliingia wote wawili. Mama yule mrefu alikuwa amekuwa mfupi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu. Nikamwuliza, hujambo, mama?

"Sijambo," akasema.

Bwana Mganga akaitikia kwa kichwa, akaanza kunieleza. Ni tumbo kidogo. Ni la umri. Amemleta tu kwa vile dawa fulani haipatikani madukani.

Niliweka kalamu chini. Nilimwambia mzee kwamba nje kuna benchi, akae hapo. Alinitazama akifikiri nimekosea mtu. Nikarudia, kwa adabu zote, mzee wangu, benchi liko nje. Akatoka. Nikafunga mlango, nikarudi mbele ya yule mama.

"Salamu imekwisha, mama," nikamwambia. "Sasa niambie."

Alitazama mlango uliofungwa. Nilikuwa na foleni nje mpaka uani, na sikumharakisha. Kisha akaanza, na alianza pale alipokuwa amesimama: jikoni, kule kwetu Kibondo, ameshika mwimo wa mlango. Alinikumbuka. Alinikumbuka mpaka na ndoo. Alisema damu ilikuwa imekwisha kukatika kama inavyokatika kwa watu wa umri wake, halafu ikarudi. Alimwambia mume wake mara ya kwanza, akaambiwa ni umri. Mara ya pili aliona anamsumbua, mtu ametoka kazini. Mara ya tatu hakusema tena. Alikuwa akifua vitambaa vyake alfajiri ili mzee asivione. Miaka minne.

Nikaandika yote, kwa mpangilio wake, mpaka nafasi ya maelezo ikaisha nikageuza karatasi. Nikampima. Sitaeleza nilichokiona, aliyefanya kazi hii anajua, na mwingine asijue. Nilimwambia inabidi aende hospitali kubwa, na upesi, na kwamba nitamwandikia barua. Alifunga kanga yake polepole.

"Nimechelewa?" akaniuliza.

Neno hilo la kuchelewa nilikuwa nimelisikia kwa balozi, likisemwa kama hukumu. Nilitaka nimpe uongo mzuri. Nilishindwa.

"Hukuchelewa wewe, mama," nikasema.

Akanishika mkono, akalia kidogo, akajifuta, akasema nisimwambie mzee vibaya, ana moyo mzuri. Hata hapo.

Nikatoka na cheti. Bwana Mganga alikuwa kwenye benchi, amenyoosha mgongo, na kwa kuwa ilikuwa siku ya kliniki wanawake walikuwa wamejaa pande zote mbili zake, wajawazito na wenye watoto mgongoni. Hakuniuliza mke wake yuko vipi. Alinyoosha mkono apewe karatasi, mtaalamu kwa mtaalamu. Nikampa. Alivaa miwani akasoma upande wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Niliona anafika mwisho na kurudi juu. Nitakuwa mwongo nikisema nilimhurumia. Nilikuwa nikimwona Mama Minani amesimama wima.

"Miaka minne," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Aliitazama tena ile karatasi, akatafuta chini, pale ambapo yeye angeandika.

"Nani amethibitisha?" akaniuliza.

"Yeye mwenyewe."

Akageuka kulia kwake, kisha kushoto, kama anayetafuta mtu wa kumwuliza. Benchi zima lilikuwa la wanawake, nao walikuwa wakimtazama. Nilichukua cheti mkononi mwake, nikamwita anayefuata.